Kisima Kiwe na Daftari: Mwongozo kwa Mwanaharakati wa Kijiji na Mtaa

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kijijini au mtaani Tanzania Bara, anayetaka viongozi wa hapo alipo wawajibike zaidi, na ambaye hana ofisi, hana mfadhili wala hagombei cheo. Ushauri wake ni mmoja, ingawa utekelezaji wake una mambo mengi: ingia kwa mlango wa huduma ambayo majirani zako wanaihitaji leo, kisha ifanye kazi hiyo kwa namna ambayo kila hatua inaamuliwa mkutanoni, inaandikwa daftarini na inasomewa hesabu mbele ya waliochangia. Kufagia soko ni jambo jema. Kufagia soko huku wauzaji wakijua ushuru wao wa mwezi ulikuwa kiasi gani na ulikwenda wapi ni jambo la aina nyingine, na ndilo linalozungumzwa hapa.

Kwa nini tuanzie kwenye huduma

Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, mpango wa madaraka mikoani ulipoanza, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Sheria Namba 7 ya mwaka huo, inayohusu mamlaka za wilaya, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa mamlaka ya juu ya kijiji katika masuala ya sera. Mkutano huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji na ndio unaoweza kuiondoa, nao unatakiwa kukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina nafsi ya kisheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna nguvu zote hizo, lakini nao una mkutano wake wa wakazi na mwenyekiti anayechaguliwa kila baada ya miaka mitano. Kwa hiyo hatuna upungufu mkubwa wa vyombo vya demokrasia ngazi ya chini. Upungufu wetu ni wa watu kuvitumia, na hilo lina sababu ya kueleweka. Hakuna anayeacha shamba msimu wa palizi kwenda kusikiliza hotuba ya utawala bora. Anaacha shamba pale pampu inapokuwa imekufa wiki tatu na mwenye ufunguo hasemi fedha za matengenezo ziko wapi. Huduma iliyokwama ndiyo inayojaza mkutano, na mkutano uliojaa ndio pekee unaoweza kuuliza swali likajibiwa.

Ushahidi wa hoja hii upo, ila hauelekei upande mmoja, na ni vizuri uujue wote kabla hujawaahidi watu mambo makubwa. Nchini Uganda, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya wanafunzi wa shule za msingi wakakuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya fedha zilizotolewa na serikali kuu. Serikali ilipoanza kutangaza viwango magazetini na kuvibandika shuleni, sehemu iliyofika ilipanda hadi zaidi ya asilimia 80 ilipofika mwaka 2001. Svensson huyo huyo na Martina Björkman wakaenda kwenye zahanati 50 za vijijini nchini humo, na katika nusu yake wakawakalisha wananchi na wahudumu pamoja, wakawaonyesha takwimu za zahanati yao na kuwaacha wapange cha kufanya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha huduma imeboreka na vifo vya watoto wadogo vimepungua kwa kiasi kikubwa. Hapo wanaharakati wengi huishia kusoma. Lakini jaribio jingine la aina hiyo, lililofanyika Uganda baadaye katika vituo vingi zaidi, halikuona kupungua huko kwa vifo. Na nchini Indonesia, Benjamin Olken alipima ujenzi wa barabara katika vijiji zaidi ya 600. Kuwaalika wananchi wengi zaidi mkutanoni kuliongeza mahudhurio, ila wizi kwa ujumla haukupungua sana. Kilichopunguza upotevu kwa wazi, kwa takriban asilimia nane ya matumizi, ni kijiji kujua kwa hakika kwamba mkaguzi wa serikali atakuja.

Tunalopata hapo ni somo la kazi. Mkutano peke yake hautoshi, na hasira ya mkutano haitoshi kabisa. Kinachofanya kazi ni mambo matatu yakikutana: huduma moja inayoonekana kwa macho, takwimu yake iliyo wazi kwa kila mtu, na mamlaka ya juu inayoweza kuisoma takwimu hiyo na kuchukua hatua. Kazi yako wewe ni kuyakutanisha. Daftari la kijiji lililoandikwa vizuri lina wasomaji wawili: jirani yako leo, na mkaguzi kesho.

Je, hatuifanyii serikali kazi yake?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halistahili kujibiwa kwa tabasamu. Wakenya wanalijua kutokana na harambee: shule nyingi zilijengwa kwa michango ya wananchi tangu miaka ya 1960, lakini jukwaa la harambee likageuka pia mahali pa wanasiasa kununua sifa kwa bahasha, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikaanza kuwabana. Huku kwetu kuna neno linalotosha peke yake: maboma. Wananchi wanajitolea nguvu na matofali, wanainua kuta za darasa au zahanati, kisha wanasubiri halmashauri ya wilaya iezeke. Wengine husubiri hadi mvua inamaliza kuta. Mtu akikuambia kwamba msaragambo, yaani kazi ya kujitolea kwa pamoja, unaweza kuwa njia ya serikali kukwepa wajibu, amesema kweli.

Hata hivyo, kutofanya kitu si njia ya kuiwajibisha serikali, kwa sababu serikali haioni aibu ya kijiji kilichonyamaza. Tofauti ipo katika masharti ambayo wananchi wanayaweka kabla ya kutoa nguvu zao. Boma lililoanzishwa kwa shangwe bila mradi kuingia kwenye mpango wa halmashauri ya wilaya ni zawadi. Boma lilelile, likianzishwa baada ya muhtasari kuonyesha nani atatoa nini na lini, ni mkataba wenye upande wa pili, na upande huo una diwani, mkurugenzi na bajeti inayojadiliwa kila mwaka. Basi shika kanuni hii hata kama watu watakuona mgumu: usihamasishe mchango wa nguvu wala fedha mpaka ahadi ya serikali iwe kwenye maandishi, na thamani ya mchango wa wananchi nayo iandikwe. Siku mia za kazi ya mikono zina bei. Zikiandikwa kwa bei yake, kijiji kinakwenda mezani kikiwa mbia badala ya mwombaji.

Kuchagua huduma ya kuanzia

Usianze na jambo kubwa kuliko yote. Anza na lile lenye mmiliki anayejulikana kisheria, lenye fedha zinazoingia na kutoka, na ambalo matokeo yake yanaweza kuonekana ndani ya miezi sita. Kwa vijiji vingi, maji yanatimiza masharti yote matatu. Ramani ya vituo vya maji vijijini iliyotengenezwa na Wizara ya Maji mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilionyesha takriban vituo vinne kati ya kumi havitoi maji, na sehemu kubwa ya tatizo la aina hiyo ni ya usimamizi: fundi hakulipwa, kipuri hakikununuliwa, makusanyo hayakusomwa. Tangu Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, huduma ya vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na skimu inaendeshwa na chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii. Hivyo huwezi kuamka asubuhi ukaunda kamati yako na kupanga bei ya ndoo. Unachoweza ni kuwa mtumiaji anayeuliza kwa utaratibu. Chukua mfano wa kukokotoa tu: kituo kinachouza ndoo 200 kwa siku kwa shilingi 50 kinaingiza shilingi 10,000, karibu 300,000 kwa mwezi. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuipiga hesabu hiyo, na ikishabandikwa ukutani hakuna kiongozi atakayesema mradi hauna hata fedha ya kipuri bila kueleza zaidi.

Shule ni mlango wa pili. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, kiwango cha ruzuku kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sehemu yake ikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kipo pia kipimo cha ujenzi: mwaka 2021, serikali ilipotumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20 na kiwango kikatangazwa hadharani. Kipimo cha namna hiyo kinamwezesha mzazi yeyote kusimama mbele ya jengo na kuuliza swali lenye tarakimu. Zaidi ya hapo, miradi ya mafundi jamii, ile ambayo wengi wanaiita fosi akaunti, huundiwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa. Kamati ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ya saruji inaposhushwa. Watu hugombania ujumbe wa kamati ya ujenzi kwa sababu ina jina. Mwanaharakati mwenye akili huomba kuingia ile ya mapokezi.

Zahanati inafaa pia, hasa tangu fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, lakini ina mambo ya siri za wagonjwa na ya kitaalamu, kwa hiyo iache iwe huduma yako ya pili.

Hatua kwa hatua

1. Jua mwenye mali. Kabla hujagusa chochote, pata jibu la maswali manne: huduma hii inamilikiwa na nani, inasimamiwa na nani, fedha zake zinaingia akaunti gani, na nani anakagua hesabu. Mtendaji wa kijiji, tofauti na mwenyekiti, ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, na ndiye mtunza kumbukumbu. Anzia kwake, kwa heshima.

2. Omba taarifa kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika ukurasa mmoja, taja taarifa na kipindi chake, acha nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ombi la "hesabu zote za kijiji" litakwama. Ombi la "mapato na matumizi ya kituo cha maji cha shule, Januari hadi Juni" lina nafasi ya kujibiwa.

3. Ingiza ajenda mapema. Ongea na mwenyekiti wa kitongoji chako, kisha peleka hoja kwa mtendaji kabla tangazo la mkutano halijatoka. Hoja ya fedha ikiachwa ikaangukia kwenye mengineyo, itajadiliwa jua likizama na watu watano wamebaki. Dai iwekwe juu, mara tu baada ya yatokanayo.

4. Mkutano uunde kamati ndogo yenye kazi na ukomo. Watu watano hadi saba, wanawake wasipungue nusu ikiwa huduma ni maji, na muda wa kazi utajwe kwa tarehe. Kamati isiyo na tarehe ya kufa hugeuka serikali ndogo.

5. Fungueni daftari. Maelezo yake yako kwenye kisanduku hapa chini.

6. Someni hesabu kila mwezi, hata kama ni za shilingi elfu tatu. Zisomeni hadharani kisha zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Kiasi kidogo ndicho cha kuanzia, kwa kuwa watu hujizoeza kuuliza wakati swali halimtishi mtu.

7. Peleka juu kinachoshindikana. Kutoka mkutano wa kijiji, jambo linakwenda kamati ya maendeleo ya kata, kwa diwani, kisha baraza la madiwani. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mipango ya vijiji huandaliwa miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda unaotangulia. Ombi zuri linalofika Mei limechelewa mwaka mzima.

| KISANDUKU: Daftari lenye kusomeka |
|---|
| Kurasa zihesabiwe kwa namba kabla ya kuanza, ili ukurasa ukichanwa ijulikane. |
| Safu tano: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. |
| Kila iliyotoka iwe na stakabadhi yenye namba. Isiyo na stakabadhi itiwe saini na mashahidi wawili. |
| Anayetunza fedha asiwe anayeandika daftari. |
| Kosa likitokea, likatwe kwa mstari mmoja na kusainiwa. Msifute. |
| Nguvu kazi iandikwe: majina, saa, na thamani yake kwa bei ya kibarua ya hapo kijijini. |

Mwenyekiti atakuona mpinzani

Atakuona, mwanzoni. Kiongozi anayeulizwa kuhusu fedha kwa mara ya kwanza hudhani kuna mtu anakitaka kiti chake, na mara nyingine hadhani vibaya. Dawa yake haiko kwenye kujitetea bali kwenye mpangilio wa kazi. Mpe mwenyekiti nafasi ya kusoma taarifa mwenyewe, ili sifa ya uwazi iwe yake. Usivae nguo za chama kwenye shughuli ya huduma, usimruhusu mbunge mtarajiwa akabidhi koleo kumi mbele ya kamera kwenye eneo lenu, na ukiamua kugombea, jiuzulu kamati kwanza na useme hivyo mkutanoni. Kuna watakaodai kwamba kutochukua upande ni woga, kwa kuwa siasa za vyama ndizo zinazogawa rasilimali. Hoja hiyo ina uzito, na chama ni haki ya kila raia. Lakini daftari la maji likishaonekana ni la chama kimoja, nusu ya kijiji itaacha kuliamini, na daftari lisiloaminiwa halina kazi.

Kuhusu tuhuma, uwe mwangalifu zaidi ya unavyodhani inafaa. Usiseme "umeiba" mkutanoni. Sema: "Stakabadhi inaonyesha mifuko 60, daftari la mapokezi linaonyesha 48, tunaomba maelezo ya mifuko 12." Sentensi ya kwanza inaweza kukupeleka polisi wewe, hata kama una haki. Ya pili inamtaka mwenye mali aeleze. Maelezo yasipotolewa na muda uliokubaliwa ukapita, peleka nakala, usipeleke daftari lenyewe, kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri au Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU). Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka hadharani kila mwaka kuanzia Aprili. Tafuta halmashauri yako humo, usome ilichoulizwa, na ulete maswali hayo nyumbani.

Makosa yanayorudiwa

Kosa kubwa ni kuwabebesha wanawake. Huduma za jamii, hasa maji, usafi na afya, huelekea kuwa kazi ya wanawake isiyolipwa, huku wanaume wakibaki na kalamu na mhuri. Mtu anaweza kupinga kwamba huo ndio utamaduni na kwamba mwanaharakati hapaswi kufungua vita viwili kwa pamoja. Lakini hivi ni vita vilevile: mkutano unaoamua ratiba ya kisima bila sauti ya anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni unaamua kwa upofu. Anza na saa ya mkutano. Wengi huuweka jioni, wakati wa kupika, kisha hushangaa kwa nini waliohudhuria ni wanaume. Mtunza fedha awe mwanamke mara nyingi iwezekanavyo, na kazi za mikono zigawanywe kwa kaya, kwa majina, siyo kwa "akina mama".

Kosa la pili ni posho. Ukianza kulipa watu kuhudhuria, hutaacha, na siku fedha itakapokatika mkutano nao utakatika. Kulipia fundi ni halali. Kulipia kiti si halali.

La tatu ni haraka. Wanaharakati wengi huanzisha huduma tatu kwa mwaka, na zote tatu hubaki na madaftari yaliyojazwa hadi ukurasa wa nne.

Jikague kabla ya mkutano wenu wa kwanza

☐ Tangazo limebandikwa, likataja siku, saa na hoja ya huduma
☐ Nakala ya ombi la taarifa yenye mhuri ipo mkononi
☐ Idadi inayotakiwa kutimiza akidi inajulikana, na kitabu cha mahudhurio kipo
☐ Watu watatu mbali na wewe wamejiandaa kuuliza, mmoja wao mwanamke, mmoja kijana
☐ Mtu wa kuandika muhtasari amekubaliwa, na atausoma kabla watu hawajatawanyika
☐ Pendekezo la kamati lina kazi yake na tarehe ya mwisho
☐ Hakuna mgeni wa heshima aliyealikwa

Kipengele hicho cha mwisho kinaudhi watu, lakini kiache kwenye orodha. Mgeni wa heshima akifika, ratiba yote huwa yake, na hesabu za ndoo husukumwa hadi mkutano ujao.

Muda wa kamati utakapokwisha, msigawane kazi kimyakimya. Andikeni hati ya makabidhiano: salio la fedha, vifaa kwa idadi, ahadi za serikali ambazo bado hazijatimizwa na tarehe zake, na daftari lenyewe likitajwa kwa namba ya ukurasa wa mwisho uliojazwa. Isainiwe na kamati inayotoka na inayoingia, mbele ya mkutano. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa mtendaji wa kata, na moja kwa mwananchi yeyote asiye mjumbe wa kamati hizo mbili, atakayechaguliwa na mkutano siku hiyo.